Kuupanga Wimbo kwa Mdomo wa Yohana

Siku niliyokabidhi funguo za stoo, mwalimu kijana aliyekuja kupokea vipindi vyangu vya muziki aliniuliza: mtu akitaka kupanga wimbo wa jazi kwa bendi ndogo, anaanzia wapi? Nikamjibu harakaharaka, "Anza na watu," kisha nikaenda kunywa chai ya kuagwa. Nilipofika nyumbani nikaona nimemjibu kama mganga anayeficha dawa yake. Sasa nina nafasi. Mikorosho yangu ndiyo kwanza inatoa maua na hakuna daftari la mwanafunzi linalonisubiri, kwa hiyo nimekaa kumwandikia yeye na wenzake jibu refu zaidi.

Mambo ya vyeo na mishahara nitayaruka. Cheo changu kikubwa kilikuwa kushika zile funguo.

Niliripoti Masasi nikitoka chuoni, nina sanduku la bati na barua ya kufundisha Kiswahili na muziki. Mkuu wa shule aliniangalia kwa huruma. "Muziki tunao," akasema, akanipeleka stoo. Nyuma ya magunia ya mahindi ya wanafunzi zilikuwepo tarumbeta mbili, tromboni iliyobonyea, ngoma ya gwaride iliyopasuka ngozi, na saksafoni moja. Chuoni nilisomea kinanda na kwaya. Saksafoni nilikuwa nimeiona pichani tu. Niliipuliza palepale mbele ya mkuu wa shule, ikatoa hewa kila upande kama mpira wa baiskeli uliochakaa, na mende wawili wakatoka.

Niliulizia mjini nani anaweza kuitengeneza. Kila mtu alinitajia jina lile lile: Bakari wa Newala. Wakati ule hakuwa mzee. Alikuwa amepuliza saksafoni miaka mingi katika bendi ya dansi huko pwani, na bendi ilipokufa akarudi kwao uwandani, juu kule Newala, kulima korosho. Niliifunga saksafoni kwa kanga nikapanda nayo basi la Newala. Njia nzima mama aliyekaa jirani yangu alitaka kujua mtoto ana umri gani na kwa nini halii.

"Shikamoo," nikamwambia Bakari nilipomkuta uani kwake.

"Marahaba, mwalimu." Akafungua kanga. "Nani amemuua huyu?"

"Mende."

"Mende hawaui. Wanakuta mtu keshaachwa peke yake."

Alifanya kazi ile mbele yangu. Alikata ngozi laini ya mbuzi kwa mkasi, akabandika kipande kimoja kimoja chini ya vile vifuniko vinavyoziba matundu. Kisha akaingiza tochi ndogo ndani ya bomba na kufunga mlango wa chumba. Panapotoka mwanga, aliniambia, ndipo patakapotoka hewa. Mpaka leo hiyo ndiyo njia ninayoijua ya kupima saksafoni, na nawashauri msinunue kifaa chochote cha gharama kabla hamjajaribu tochi.

Alipomaliza aliipuliza. Alipiga wimbo mmoja wa zamani wa jazi, wa Wamarekani, ambao bendi yake iliuokota kwenye santuri na kuufanya wa kufungulia ukumbi. Hauna maneno. Walikuwa wakiupiga waimbaji wakiwa bado wanafunga tai. Jina lake hakulijua, na hakuwa na shida nalo. Watu wa umri wake pwani na bara wanaujua kwa mluzi, na hata mkewe aliyekuwa jikoni aliitikia kwa kugonga mwiko kwenye sufuria. Nilisimama pale uani nikajua kuwa chuoni walisahau kunifundisha nusu ya muziki.

Basi akawa mwalimu wangu. Alikuwa akiteremka Masasi mara kwa mara, tunakaa darasani mchana, ananipigia kitu nami nakiandika. Nikikosea kuandika anapiga vile vile nilivyokosea, huku kanikazia macho, mpaka nicheke. Jambo la kwanza alilonikataza ni kuandika pembeni mwa karatasi majina ya vyombo. Kila mstari niandike jina la mtu.

"Tarumbeta haichoki," alisema. "Anayechoka ni mpulizaji. Sasa utajuaje kama amechoka ikiwa hujamwandika?"

Bendi yenyewe ilichukua muda kupatikana. Ilipotulia tulikuwa watu saba. Bakari, ambaye sasa tulikuwa tunamwita Mzee, alishika saksafoni. Tromboni ilikuwa ya katekista mmoja mwenye mapafu ya kuita parokia nzima bila spika. Gitaa lilipigwa na mwalimu mwenzetu aliyekuwa akija kutoka Chidya, besi na bwana mmoja mwenye duka Nanganga, nami nilikuwa kwenye kinanda. Ngoma alipiga Rashidi, fundi cherehani. Tarumbeta alipiga Yohana.

Rashidi ndiye aliyenifundisha kueleza kile kinachoufanya muziki wa namna hii ubembee. Kwenye karatasi unaona noti mbili zinazolingana katika kila pigo. Ukizipiga zikilingana kweli, unapata gwaride. Nilihangaika kueleza mpaka Rashidi akaniuliza, "Mwalimu, si unataka kama ngoma ya nyumbani? Pigo moja uligawe mara tatu, halafu la katikati ulimeze?" Akalipiga kwa vidole juu ya dawati. Lilikuwa lenyewe. Kijana akikusumbua kwenye jambo hili, acha kitabu, mpeleke kwenye ngoma.

Yohana alikuwa fundi wa pampu za maji. Mnaoishi uwandani mnajua maana yake: fundi wa pampu huku anasalimiwa kuliko diwani. Tarumbeta alijifunza utotoni kwenye bendi ya kanisa, na alikuwa na sauti ya juu safi, nyembamba, isiyotetemeka. Ule wimbo wa kufungulia ukumbi nilikuwa nimempangia yeye. Wengine wote tulikuwa chini tunamshikia ngazi, yeye anapanda. Mkewe alikuwa akiupenda sana, na alipofariki, Yohana aliacha kuupiga kwa muda mrefu. Tulimsubiri. Siku moja kwenye mazoezi akauanza mwenyewe, tukamfuata.

Walikuwa na mtoto mmoja, Anastasia. Alisomea uuguzi, akapata kazi, akapata mchumba. Harusi ikapangwa ifanyike Newala baada ya mavuno ya korosho. Anastasia alikuja mpaka kwangu.

"Shikamoo, Mama Furaha."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nina ombi. MC ameshanipa orodha ya nyimbo za kuingilia ukumbini, zote za kwenye simu. Mimi nataka niingie na ule wa baba. Ule wa mama."

Nikamwambia hilo si ombi, ni amri, nikaanza kuupanga upya kwa ajili ya siku hiyo. Nilimwongezea Yohana sehemu ya juu zaidi mwishoni, ya kufungulia milango.

Wiki chache baadaye Yohana aliamka asubuhi, akanywa chai, na chai ikamwagika kupitia upande wa mdomo. Alipojitazama kwenye kioo aliona nusu ya uso imelala. Jicho la upande ule halikufumba, shavu limeshuka. Majirani wakasema kalogwa, wengine wakataja hata aliyemloga. Binti yake hakusikiliza hata mmoja, akampeleka hospitali ya Ndanda. Daktari alimpima, akamweleza kuwa ni neva ya uso iliyovimba, akampa dawa na mazoezi ya kufanya mbele ya kioo. Wengi hupona, aliambiwa, ila haina haraka. Yohana akauliza kuhusu tarumbeta. Daktari akamwambia ajaribu taratibu, asijilazimishe.

Nilikwenda kumwona. Alikuwa amevaa miwani myeusi kulinda lile jicho, na jirani mmoja alikuwa ametoka kumtania kwamba sasa ndio anafanana na mwanamuziki. Hakucheka. Tarumbeta ilikuwa kwenye mfuko wake, mfuko umefungwa kamba.

"Mpeni mwingine," alisema. Maneno yenye b na p yalimtoka kwa shida.

"Mwingine yupi?"

"Hata Mzee Bakari aupige kwa saksafoni. Ni ule ule."

"Anasta hakuomba wimbo, Baba Anasta. Alikuomba wewe."

"Mama Furaha, nitasimama vipi mbele ya watu na mdomo huu? Siku ya mwanangu? Watamwangalia yeye au wataniangalia mimi?"

Nilimwomba kitu kimoja tu, afungue mfuko nisikie. Alikataa. Nikakaa. Tukaongea habari za pampu, za mvua, za bei ya saruji. Mwisho akafungua kamba mwenyewe, nadhani ili niondoke.

Hewa ilitoka yote pembeni. Akajaribu tena, ikatoka. Mara ya tatu alikasirika, akaubana upande ule wa mdomo kwa kidole cha mkono wa kushoto, tarumbeta akaishika kwa mkono wa kulia peke yake. Ikatoka noti. Ya chini, yenye mchanga mchanga, lakini noti. Nikamwambia apande. Alipanda ngazi tano, ya sita ikapasuka. Akashuka. Zile tano alizipata tena zote.

"Ndizo hizo," akasema. "Kwaheri."

"Zinatosha kuanzia," nikamwambia, na nilikuwa sijui kama ninasema kweli.

Sasa hapa ndipo ningependa mkae karibu, maana ndiyo kazi yenyewe.

Wimbo ule una umbo la kawaida la nyimbo za aina yake. Kuna kipande cha kwanza, kinarudiwa, kinafuata kipande tofauti ambacho tunakiita daraja, kisha unarudi kwenye kile cha kwanza na kumaliza. Nilikaa kwenye kinanda nikitafuta pale ambapo noti tano zingeweza kuishi. Kwa ufunguo wetu wa zamani, yaani kile kimo ambacho wimbo ulizoea kukaa, hapakuwepo mahali. Niliushusha kidogo, hapakuwepo. Nikaushusha tena, na tena, mpaka nikafika ufunguo wa E, na hapo nikaona kwamba sentensi ya kwanza ya wimbo, ile ambayo kila mtu anaipiga mluzi, imeingia yote ndani ya zile noti tano. Sentensi ya pili ilipanda juu, ikatoka nje. Ya tatu ikarudi ndani.

Nikaiona njia. Yohana aseme sentensi ya kwanza, wengine waitikie ya pili. Aseme ya tatu, waitikie ya nne. Si ndivyo tunavyoimba huku miaka yote, mmoja anatoa na wengine wanapokea? Kwenye daraja apumzike kabisa, midomo ilale, Mzee Bakari alibebe peke yake. Kisha Yohana arudi kumalizia. Na pale ambapo sauti yake ingekuwa nyembamba, tromboni isikae juu yake, ikae chini, kwa upole, kama godoro.

Tatizo lilikuwa huo ufunguo wa E. Wapiga gitaa wanaupenda, nyuzi zao zinafunguka zenyewe. Kwa saksafoni ya namna ile ni adhabu. Karatasi inajaa alama za kupandisha, vidole vinapita njia ambazo havijawahi kupita. Nilimpelekea Mzee Bakari karatasi yake Newala mwenyewe, sikuthubutu kumtuma mtu.

Alivaa miwani, akaisoma mpaka chini. "Mama Furaha, mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, Mzee."

"Wimbo huu nimeupiga tangu sijaota ndevu. Sasa unataka niujifunze upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Vidole hivi vina baridi yabisi."

"Ndipo Yohana anapofika, Mzee. Juu ya hapo hafiki."

Akaitazama tena ile karatasi. Mstari wa juu kabisa nilikuwa nimeandika *Yohana*, na noti zake zilikuwa chache, zimetawanyika, kati yake mapumziko marefu. Chini yake mstari wa *Bakari* ulikuwa mweusi kama siafu wamepita.

"Amekubali?" akauliza.

"Bado hajaiona."

"Basi nipe nianze. Akija akanikuta sijui, atapata sababu ya kukataa."

Mkewe aliniambia baadaye kwamba alikuwa akifanya mazoezi kila alasiri, na alikuwa akimlaani mtu fulani kwa Kimakonde, akitaja mwalimu.

Yohana alikuja kwenye mazoezi kwa sababu Rashidi alikwenda kumchukua kwa kisingizio cha pampu ya shule. Hakuna aliyemdanganya kwa muda mrefu, maana tulikuwa tumeshakaa wote na vyombo. Alisimama mlangoni na miwani yake myeusi. Nikampa karatasi. Aliisoma akiwa amesimama.

"Mmeniwekea uji wa mgonjwa," akasema.

Mzee Bakari akageuka kwenye kiti chake. "Uji? Njoo uone nilichowekewa mimi." Akampa karatasi yake.

Yohana aliivua miwani ili asome vizuri. Ilikuwa mara ya kwanza tunaliona jicho lile. Hakuna aliyekwepa, hakuna aliyekodoa. Alizisoma zile alama zote, akamtazama Mzee, akamtazama katekista ambaye naye alikuwa akifuta jasho, kisha akaketi mahali pake. Akabana pembe ya mdomo kwa kidole.

Hayakuwa mazoezi mazuri. Noti ya kwanza ilitoka, ya pili ikawa pumzi tupu, akasimama akataka kuondoka, na Rashidi akaendelea kupiga tu ngoma kwa mabrashi yake ya waya, taratibu kana kwamba hajaona. Mpiga ngoma mwenye akili ni yule ambaye hasimami. Yohana akakaa. Tukaanza tena. Kuelekea jioni alisema sentensi nzima ya kwanza, nasi tukamwitikia, na sauti yake mpya ikasikika. Haikuwa ile nyembamba ya zamani. Ilikuwa na mkwaruzo, ya mtu anayeongea nawe kwa karibu. Mwenye besi, bwana asiyesema, alisema, "Eeh."

Siku ya harusi Newala iliamka na ukungu wake, mapambo ya ukumbi yakalowa. Tuliweka vyombo kando ya jukwaa. MC alikuwa kijana mchangamfu mwenye koti linalometameta. Alikuja kuniinamia sikioni.

"Shikamoo mama. Nimeweka na wimbo kwenye laptop, tayari. Baba wa bibi harusi akishindwa, nyie nipeni ishara tu, mimi nauingiza. Watu hawatagundua."

"Marahaba, baba. Zima hiyo laptop."

"Ni kwa tahadhari tu, mama."

"Tahadhari ni hawa," nikamwonyesha bendi.

Walikuwa wamekubaliana kwamba baba mdogo ndiye atamshika Anastasia mkono kuingia naye, ili baba yake awe mbele anapuliza. Milango ilipofunguliwa watu wakasimama na simu zao. Yohana alisogea mbele ya kipaza sauti. Alikuwa ameiacha miwani kwenye kiti. Nilisikia mnong'ono ukipita upande wa wanawake, kisha ukakatika.

Aliweka kidole kwenye pembe ya mdomo, akapuliza.

Sentensi ya kwanza ilitoka yote. Tukaitikia. Anastasia alikuwa bado mlangoni. Sijui kama aliwahi kuusikia wimbo ule ukiwa chini namna ile, lakini alianza kutembea. Sentensi ya tatu ikatoka. Mzee Bakari alilichukua daraja akalivuka na alama zake zote, vidole vyenye baridi yabisi vikaenda kama vya kijana, nami nikasahau kupiga mapigo mawili kwa kumsikiliza.

Ilipofika zamu ya Yohana kurudi, akainua tarumbeta, na mdomo ukakataa. Pumzi tupu. Machozi yalikuwa yameteremka upande wa jicho lisilofumba, yakaufanya mdomo uteleze. Akajaribu tena, pumzi. Nilimwona MC akigeukia laptop yake. Rashidi hakusimama. Tukaizungusha ile sehemu ya kuitikia, tukairudia, tukairudia tena, kama mtu anayekusubiri mlangoni na hakuhimizi. Anastasia akafika mbele. Akaachia mkono wa baba mdogo, akachukua ncha ya shela yake, akampangusa baba yake shavu na mdomo, akarudi hatua moja nyuma, akasubiri.

Yohana akaweka kidole. Sentensi ya mwisho ikatoka, noti moja moja, hadi ile ya chini kabisa, akaishikilia mpaka pumzi ikaisha. Tulimalizia chini yake polepole. Vigelegele vilivyofuata sikuvipangia sauti.

Alipona. Ilichukua muda mrefu kuliko alivyotaka, lakini jicho lilianza kufumba, shavu likapanda, na siku moja kwenye mazoezi alipanda mpaka juu kabisa bila kidole, sauti ile ile nyembamba ya zamani. Tulipiga makofi. Nami nilifurahi sana, nikaenda nyumbani nikamwandikia upya wimbo wake kwa ufunguo wa zamani, na sehemu zake zote za juu. Mzee Bakari aliipokea karatasi yake mpya kama mfungwa aliyepata msamaha.

Tuliupiga mara moja. Yohana alipanda hadi darini, hakukosea hata mahali pamoja. Tulipomaliza alituangalia, mmoja mmoja.

"Nzuri," akasema. "Lakini nyinyi mlikuwa mnafanya nini muda wote huu?"

"Tunakusindikiza," katekista akajibu.

Yohana akatikisa kichwa. Akaenda kwenye begi lake, akatoa ile karatasi ya E, imekunjwa na ina alama ya maji, akaiweka kwenye stendi.

"Tupige huu ambao kila mtu ana kazi."

Mzee Bakari alinitazama kwa uchungu mkubwa. Kisha akavaa miwani yake, akalowesha mwanzi wa saksafoni mdomoni, na akamwambia Rashidi aanze.